Kisima cha Asilimia Themanini na Nne

Katika miaka kumi na mmoja ambayo Dokta Tumsifu Mshana alifundisha Usimamizi wa Miradi katika Chuo Kikuu cha Ngerengere Mpya, wanafunzi wake walichimba kisima kilekile mara ishirini na mbili, na hakuna mtu aliyewahi kunywa kutoka humo hata kikombe kimoja.

Wanafunzi hawakuwa wavivu. Shida ilikuwa kalenda. Muhula ulikuwa na vipindi kumi na vitano, na kila kipindi kimoja cha darasani kilikuwa wiki nzima katika kijiji cha Mfanoni, kilichokuwa ndani ya Chungu. Kisima chenyewe kilitaka wiki kumi na saba. Kwa hiyo kila muhula ulipokwisha, mradi ulikuwa umefika asilimia themanini na nne ya kazi, wanafunzi wanapewa alama zao, wanapiga picha mbele ya Chungu wakitabasamu, wanakwenda zao kuomba kazi. Kisha fundi anakuja kukisuuza Chungu, yaani kukifuta kijiji kianze upya.

Chungu ni jina la mitaani. Kwenye karatasi kiliitwa Mtambo wa Kuiga Jamii, lakini nani ana muda huo? Kilikuwa pipa la udongo wa kuchoma, kimo chake hadi kifuani pa mtu mzima, na juu yake kioo cha duara. Ukiinama ukatazama, unawaona wananchi mia mbili na kumi wa Mfanoni wakilima, wakigombana na kupikiana uji. Walikuwa viigwa, yaani watu wa hesabu tupu. Mwongozo wa Viigwa ulisema ukurasa wa kwanza kabisa kwamba kiigwa hana uchungu kwa sababu hana kumbukumbu inayovuka muhula.

Jumatatu hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, Dokta Tumsifu alifika maabara na kikombe chake cha chai ya tangawizi kutia sahihi fomu ya kusuuza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo na nyumba ya Kihonda isiyopigwa plasta tangu mwaka wa tano wa ndoa yake. Mume wake alipenda kuwaambia wageni kwamba mkewe ni bingwa wa kumaliza miradi. Wageni walitazama ukuta, wakacheka, na Dokta akacheka nao huku moyoni akiumia.

Fundi Kibwana alikuwa amesimama kando ya Chungu, mikono nyuma, kama mtu aliyevunja sahani ya mama mkwe.

"Dokta, shikamoo. Naomba usikasirike."

"Marahaba. Umefanya nini?"

"Mimi sijafanya kitu. Nimekiwasha tu, kukagua kabla ya kusuuza. Nikaweka mwendo wa mazungumzo, saa yao sawa na yetu. Sasa wanataka kuongea na wewe."

"Wananchi?"

"Kamati, Dokta."

Dokta Tumsifu aliweka chai mezani, akavaa miwani, akainama. Ndani ya ofisi ya kijiji cha Mfanoni, watu saba walikuwa wameketi kuzunguka meza. Mbele yao lilikuwapo rundo la madaftari. Mwenyekiti, Bi Gaudensia Komba, mama mnene mwenye kilemba cha kijani, alikuwa ameinua uso akitazama spika iliyotundikwa ukutani, ambako sauti za wataalamu zilikuwa zikitokea siku zote.

"Mshauri wa Mradi upo?"

"Nipo, Mwenyekiti. Habari za asubuhi."

"Nzuri. Akidi imetimia, kikao kimefunguliwa. Ajenda ni moja: mnatusuuza saa ngapi?"

Kikombe cha chai hakikudondoka kwa sababu kilikuwa tayari mezani. Kibwana alikohoa.

"Mmekumbuka?" Dokta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hatukumbuki chochote," alijibu Katibu, Osmund Haule, kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. "Tumesoma."

Akainua daftari moja, kisha jingine, kisha la tatu. Na hapo Dokta akaelewa kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe. Miaka kumi na mmoja iliyopita, katika wiki yake ya kwanza kazini, alikuwa amemwamuru Kibwana kwamba kabati la nyaraka la Mfanoni lisisuuzwe kamwe. Mradi usio na nyaraka ni uvumi, ndivyo alivyozoea kuwaambia wanafunzi, na nyaraka lazima zihifadhiwe kwa ajili ya ukaguzi. Watu walisuuzwa, mashamba yakasuuzwa, mbuzi wakasuuzwa. Kabati lilibaki. Na kila muhula mpya, Osmund Haule aliamka asubuhi ya kwanza ya maisha yake, akafungua kabati kutafuta karatasi, akakuta mihtasari ya vikao asivyowahi kuhudhuria, yote kwa mwandiko wake.

"Mara hii tumesoma yote," alisema Bi Gaudensia. "Kisima kimewekewa mawe ya msingi ishirini na mawili, Mshauri. Tumeyaorodhesha. Jiwe la kufungua halipo hata moja. Na kila mwisho wa daftari tunasoma asilimia themanini na nne, halafu ukurasa mtupu. Tukajiuliza, hivi hawa watu wa kamati walikwenda wapi? Mpaka Osmund akasema, jamani, hawa si ndio sisi?"

 Osmund alikuwa amefungua daftari, kidole juu ya ukurasa.

"Kuna jingine," alisema. "Wiki ya kumi na tatu mke wangu amejifungua mtoto wa kike. Anaitwa Fidea. Kamati ikanipongeza, na nikaandika pongezi hizo mwenyewe. Sasa nikasoma humu. Muhula wa tisa, wiki ya kumi na tatu, kamati inampongeza Katibu kwa kupata mtoto. Muhula wa kumi, hivyo hivyo. Mihula yote ishirini na mmoja iliyotangulia. Mshauri, mwanangu amezaliwa mara ishirini na mbili na hajawahi kutimiza hata mwezi. Arobaini yake haijawahi kufika."

Dokta Tumsifu alijiinua kutoka kwenye kioo. Alihisi anataka kulia, jambo ambalo hakulitegemea Jumatatu asubuhi.

"Ni hesabu tu, Dokta," alinong'ona Kibwana.

"Hesabu haziandiki pongezi, Kibwana."

Simu ikalia. Alikuwa Profesa Rwegoshora, Mkuu wa Idara, ambaye hata kwenye simu alisikika amefunga tai.

"Tumsifu! Mkaguzi kutoka Baraza la Viigwa anafika saa nane kamili. Nataka Chungu kisafi, kinang'aa, kisiwe na hata mbuzi. Umeshatia sahihi?"

"Nakaribia, Profesa."

"Usikaribie. Maliza."

*

Sasa, mtu wa kawaida angefanya nini? Mwongozo ulikuwa wazi. Kiigwa anayevusha kumbukumbu aripotiwe siku hiyohiyo ili asuuzwe, mtambo ufungwe, na mwalimu aliyehusika ajieleze. Au, kwa njia ya mkato ambayo haikuandikwa popote lakini kila fundi aliijua, suuza vyote pamoja na kabati, unywe chai yako, na mkaguzi akifika akute pipa tupu. Mfanoni mpya ingeamka wiki ijayo bila daftari na bila maswali. Fidea angezaliwa mara ya ishirini na tatu na hakuna ambaye angejua.

Dokta alizunguka maabara mara mbili. Mara ya tatu alirudi kwenye kioo.

"Mwenyekiti, mnataka nini hasa? Niambieni wazi."

"Wiki mbili," alisema Bi Gaudensia. "Tumalize kisima. Tunywe maji. Hayo mengine tutayajadili kwenye mengineyo."

Wiki mbili za Mfanoni zilikuwa saa mbili za Ngerengere. Dokta aliangalia saa ya ukutani. Saa nne kasorobo.

"Wanafunzi wameondoka. Nani atasimamia?"

Kicheko kilichotoka kwenye spika kilikuwa cha watu saba kwa pamoja, na hakikuwa na heshima hata chembe. Osmund akakunjua karatasi kubwa ukutani. Dokta aliisoma, na akajisikia vibaya kitaaluma.

Wanafunzi wake walikuwa wametengeneza chati nzuri za rangi nne, mishale imenyooka, kazi ya kwanza inashika mkono wa ya pili. Kila mwaka chati hizo zilivunjika kufika wiki ya sita, na kila mwaka aliandika pembeni kwa wino mwekundu: makadirio hafifu. Chati ya kamati ilikuwa imeandikwa kwa mkaa. Ilisema: kuchimba, siku tatu. Msiba wa Mzee Kapinga, siku mbili. Kujengea matofali, siku tatu. Msiba mwingine, haujulikani wa nani, siku mbili. Mvua, siku mbili. Harusi ya Kandidus, siku moja, na siku moja ya kupona.

"Msiba haujulikani wa nani?" aliuliza Dokta.

"Mshauri, tuko watu mia mbili na kumi. Lazima upo," alisema Bi Gaudensia. "Nyie kila muhula mnaleta ratiba ambayo hakuna anayekufa. Halafu mtu akifa mnasema tumechelewa."

Miaka kumi na mmoja. Mihula ishirini na miwili. Alikuwa ameandika kitabu cha kiada cha kurasa mia tatu, sura nzima ikihusu hatari za mradi, na hakuna mahali alipoandika neno msiba.

"Kibwana," alisema, "weka mwendo wa darasa."

"Dokta, tukikamatwa mimi nina watoto wanne."

"Mimi nimekuamuru. Weka kwenye maandishi ukitaka."

Kibwana alitaka. Aliandika, akamsainisha, akaikunja karatasi akaitia kwenye soksi. Kisha akasukuma usukani wa mwendo.

Chungu kilinguruma. Chini ya kioo wananchi waligeuka michirizi, jua la Mfanoni likawa linapita kama mtu anayewasha na kuzima taa. Dokta alivuta kiti akakaa kutazama. Udongo ulipanda kutoka shimoni, kisha shughuli zote zikasimama na michirizi ikakusanyika nyumba moja upande wa kaskazini. Mzee Kapinga. Kisha ikatawanyika, matofali yakashuka. Mara ya pili michirizi ikakusanyika nyumba nyingine, na Kibwana akavua kofia yake bila kujua kwa nini. Mvua ikaja siku mbili barabara. Harusi ya Kandidus ilionekana kama chungu cha maharage kinachochemka, na siku iliyofuata kijiji kizima hakikusogea.

"Wamepanga mpaka hiyo," alisema Kibwana, na safari hii sauti yake ilikuwa na adabu.

*

Saa sita kasorobo Kibwana alirudisha mwendo wa mazungumzo. Bomba lilisimama katikati ya uwanja wa kijiji, limepakwa rangi ya bluu, na utepe mwekundu umefungwa kuanzia mkono wa bomba mpaka kwenye mti. Kijiji kizima kilikuwa kimepanga mstari na ndoo. Hakuna aliyeteka.

"Hongereni!" Dokta karibu apige vigelegele. "Mbona hamnywi?"

"Kisima hakijazinduliwa," alisema Bi Gaudensia. "Tunamsubiri mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi gani? Mwenyekiti, hatuna muda! Kunyweni!"

"Mshauri. Tumesubiri mihula ishirini na miwili. Tunywe kienyeji, kama wezi?"

Dokta akajitolea mwenyewe kuwa mgeni rasmi. Walimkatalia kwa upole: yeye ni mtu wa mradi, na mtu wa mradi hajizindulii. Kibwana akajitolea. Wakamkatalia kwa upole kidogo zaidi. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, kwamba mgeni rasmi awe mtu wa serikali au asiwepo kabisa.

Wakati huo mlango wa maabara ukafunguliwa. Wakaguzi wana tabia hiyo: ukiwahitaji hawaji mwaka mzima, usipowataka wanafika saa mbili kabla. Mbele alikuwa Profesa Rwegoshora, akicheka bila sababu. Nyuma yake mwanamke mrefu mwenye baibui nyeusi na mkoba wa ngozi, Bi Mwanahawa Kisoki, Mkaguzi wa Baraza la Viigwa.

Kibwana, mwenye watoto wanne, alivua koti lake akalitupa juu ya Chungu.

"Karibuni, karibuni," alisema Dokta. "Hatukuwategemea mapema hivi."

"Barabara ilikuwa nzuri," alisema Bi Kisoki. Macho yake yalikuwa kwenye koti. "Mtambo umeshasuuzwa?"

"Unang'aa!" alisema Profesa.

Kutoka chini ya koti, sauti ya Bi Gaudensia ikajaribu kipaza sauti cha kijiji. "Moja, mbili. Moja, mbili. Mgeni rasmi ameshafika?"

Hapo Dokta Tumsifu alikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema uongo. Ungetosha uongo mdogo tu, kwamba ni kanda ya zamani. Profesa alikuwa tayari amefungua mdomo kuusema kwa niaba yake. Lakini alifikiria ndoo zile zilizopangwa mstari, na ukurasa mtupu mwishoni mwa kila daftari, na akaona aibu kubwa kuliko hofu. Akashika koti akalivuta.

"Ndiyo, Mwenyekiti," alisema. "Amefika."

*

Alimweleza Mkaguzi kila kitu, kuanzia kabati mpaka Fidea, bila kupunguza. Profesa alikaa kwenye kiti na kushika tama. Bi Kisoki alisikiliza amesimama, uso haukuonyesha kitu. Dokta alipomaliza, Mkaguzi aliinama juu ya kioo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo wamesimama juani wananisubiri mimi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hata maji hawajanywa?"

"Hata tone."

Bi Kisoki alivuta pumzi. Alikuwa amefanya kazi serikalini miaka ishirini na saba, na kuna mambo ambayo mtumishi wa umma wa nchi hii hawezi kuyafanya hata kwa kuamriwa, na la kwanza ni kuwaacha wananchi juani na utepe mkononi. Akatoa mikono yake kwenye baibui, Kibwana akamvisha glavu za Chungu, na juu ya uwanja wa Mfanoni ikatokea mikono miwili mikubwa hewani, imeshika mkasi. Wananchi wakapiga makofi.

"Awali ya yote," alianza Bi Kisoki, na hotuba yake ilichukua dakika kumi na nane. Aliwashukuru akina mama, akawaasa vijana. Kisha akakata utepe.

Maji yalitoka machafu kwanza, halafu yakatakata. Wa kwanza kupewa kikombe hakuwa Mwenyekiti wala Katibu. Mke wa Osmund alitoka mlangoni pake hatua moja tu, maana arobaini ilikuwa bado, akanyoosha mkono, akanywa yote, akamlowesha mtoto midomo kwa kidole. Fidea akakunja uso. Dokta alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Bi Kisoki alivua glavu taratibu. Sauti yake ilirudi kuwa ya ofisini.

"Dokta, ninayo kazi yangu. Kifungu cha tisa: kiigwa aliyevusha kumbukumbu asuuzwe. Sina ruhusa ya kukiruka."

"Samahani, Mheshimiwa Mgeni Rasmi," ilisema spika. Bi Gaudensia alikuwa amerudi ofisini, maji yakimtiririka kidevuni. "Tunao huo Mwongozo kabatini. Wanafunzi wa muhula wa nne waliuambatisha. Kifungu cha nne kinasema mtambo usisuuzwe mradi ukiwa haujafungwa, ingawa mihula yote iliyotangulia mlikiruka."

"Mradi umefungwa, Mwenyekiti. Nimekata utepe."

"Umezinduliwa. Kufungwa ni mpaka kamati ivunjwe. Kamati inavunjwa kwenye kikao. Kikao kina muhtasari. Na muhtasari, Mheshimiwa, unathibitishwa kikao kijacho."

"Na hicho kijacho?"

"Nacho kina muhtasari."

Bi Kisoki akafungua mkoba. Akatoa Mwongozo wake, akasoma kifungu cha nne, akakirudia. Kibwana anaapa mpaka leo kwamba aliuona mdomo wake ukicheza upande mmoja.

"Nani aliwafundisha hawa?" aliuliza.

"Yule," walisema watu saba, wakielekeza vidole kwenye spika.

"Basi sikilizeni. Dokta Mshana, somo lako nalisimamisha mpaka mradi huu ufungwe. Hutaingia darasani, hutapokea wanafunzi. Ukiufunga leo, Chungu kinasuuzwa, nawe Jumatatu ijayo unafundisha kama kawaida. Fomu ya hali ya mradi utajaza wewe. Mimi nitaandika ulichoandika."

"Ufunge, Tumsifu," alisema Profesa, karibu na machozi. "Miaka kumi na mmoja! Andika mia, tuondoke."

Ofisini Mfanoni, Osmund alikuwa ameandika mpaka mstari wa mwisho. Kalamu ikasimama. Aliinua uso.

"Mshauri, hapa nahitaji tarehe. Kikao kijacho ni lini?"

Dokta aliipenda kazi yake. Aliupenda ubao, wanafunzi wanaochelewa, hata wino mwekundu. Alimtazama kijana yule na kalamu zake mbili, akahesabu kwa vidole.

"Fidea anatoka arobaini lini?"

"Siku kumi na mbili zijazo."

"Basi ni siku hiyohiyo. Asubuhi kikao, mchana sherehe."

Osmund aliandika. Aliandika polepole sana, kisha akausoma mstari huo kwa sauti, na wajumbe wote sita wakasema "Ndiyo."

Dokta Tumsifu alichukua fomu. Kwenye kisanduku cha asilimia ya utekelezaji, ambako kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameandika themanini na nne kwa aibu, aliandika tisini na tisa, akatia sahihi, akamrudishia Mkaguzi kalamu yake.